Mitume Waliotupa Mgongo

Sista Verdiana alisimama katikati ya ukumbi wa kulia, akainua sahani ya mti polepole mpaka ikamfunika pua na mdomo. Kisha akachukua kijiko kwa mkono wa pili na kujaribu kula. Kijiko kikagonga mti. Akajaribu tena, kikagonga tena. Watawa wawili waliokuwa wakipanga mikate mezani wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka, maana ilikuwa Kwaresima.

"Fundi Ventura," akasema kutoka nyuma ya sahani, "huyu mtume wako wa leo anakula vipi?"

Ventura wa Puccio alikuwa juu ya jukwaa akisuuza brashi zake. Akageuka kuutazama ukuta. Picha ya Karamu ya Mwisho ilikuwa imefika nusu. Upande wa mbali wa meza Bwana alikwisha kukaa na mitume sita, wote wakiutazama ukumbi, kila mmoja na taji lake la nuru nyuma ya kichwa, duara kubwa la dhahabu. Upande wa karibu walibaki wale wanaotupa mgongo: mitume watano na Yuda. Wa kwanza wao, Tadei, alikamilika mchana ule. Kwa kuwa alikuwa ametupa kisogo, taji lake halikukaa nyuma ya kichwa. Lilikaa mbele, kati ya pua yake na mwanakondoo aliyekuwa mezani.

"Hiyo si sahani, Sista," Ventura akajibu. "Ni utakatifu."

"Sikatai. Mimi ni mpishi tu, nauliza mkate unapita wapi." Akateremsha sahani, akawatazama waliobaki, ambao bado walikuwa mistari myekundu tu ukutani. "Na hawa wengine nao utawawekea?"

"Wote. Isipokuwa Yuda."

"Basi Yuda peke yake ndiye atakayekula," akasema, na hakusema kwa ubaya. Akarudi jikoni kwenye maharage yake.

Macho hayana pazia, na ya mpishi hayana hata dirisha. Ventura alishuka, akafunga mfuko wake, akaenda zake nyumbani akijiambia kwamba mwanamke yule alizidiwa na mfungo. Alijiambia hivyo njia nzima, toka geti la watawa mpaka mlangoni kwake, na kule kulirudia tu kulikuwa dalili mbaya.

Pale Colle, mji wao mdogo juu ya kilima, hapakuwa na mtu asiyejua ukuta wa mafrateri, watawa wa kiume. Puccio, baba yake Ventura, aliuchorea Karamu ya Mwisho miaka arobaini na tano hivi nyuma, na tangu hapo kila aliyetaka karamu ukutani alitaka ile ile. Hata mkataba wa watawa hawa ulisema picha iwe "kwa namna na umbo la ile ya marehemu fundi Puccio kwa mafrateri", yenye mataji kumi na mawili ya dhahabu, nayo iwe tayari siku ya Alhamisi Kuu. Chini yake palikuwa na majina mawili, la Ventura na la kaka yake, Baldo.

Puccio alipokufa, Baldo alikuwa na miaka ishirini na mmoja na Ventura kumi na minne. Kazi ilikuwa lazima igawanywe, na mkubwa ndiye mwenye haki ya kuchagua. Baldo alichagua mataji. "Wewe chora nyuso," alimwambia mdogo wake siku ile, "mimi nitazipa nuru." Watu walidhani amechagua dhahabu kwa sababu dhahabu ni dhahabu. Ventura aliijua sababu yenyewe, nayo ni kwamba Baldo aliwahi kujaribu uso mmoja, wa malaika, akaukwangua kabla haujakauka, na hakujaribu tena. Kwa hiyo alimpa mdogo wake kile kilicho bora, akabaki na kile anachokiweza, na wala hakuwahi kulisema jambo hilo. Miaka arobaini na mmoja walikula chungu kimoja kwa utaratibu ule.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi Ventura hupaka lipu mbichi, kipande cha kutosha kazi ya siku moja tu, kwa sababu rangi hushika ukuta pale lipu inapokuwa na maji, ikikauka, imekwisha. Kabla hajagusa rangi, Baldo hupanda na bikari yake, akachoma ncha, akazungusha duara, akainua ukingo kwa lipu nzito, kisha akakandamiza miale mmoja mmoja kwa kijiti cha mti mpaka lile duara likang'aa hata kabla ya dhahabu. Ilimchukua nusu ya asubuhi. Hapo ndipo Ventura huingiza kichwa katika nafasi iliyobaki. Kichwa kilifuata taji. Taji halikuwahi kufuata kichwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Ventura alikwenda Florence kununua jiwe la rangi ya buluu. Katika kanisa moja ng'ambo ya mto alikuta ukuta uliochorwa na vijana wa siku hizi, na watu wa ukuta ule walikuwa wamekanyaga chini. Alikuwa hana neno jingine la kulieleza. Walikuwa na vivuli. Mataji yao yalilala juu ya vichwa, membamba, kama kofia iliyoinamishwa. Aliporudi alimwambia Baldo kwamba ni mbwembwe za watoto wasio na adabu, na Baldo akacheka, na yeye akacheka, wakanywa mvinyo.

Kesho yake baada ya maneno ya Sista Verdiana, Ventura hakwenda kazini moja kwa moja. Alipitia kwa mafrateri. Bawabu alimfungulia bila kuuliza, akaketi kwenye benchi mbele ya ukuta wa baba yake. Aliupenda ukuta ule. Utotoni alibeba maji ya kuchanganyia chokaa yake, na pale penye mguu wa Andrea palikuwa na alama ya kidole chake mwenyewe ambayo Puccio aliiacha makusudi. Sasa alijaribu kuutazama kama alivyouona siku zote, akashindwa. Aliona watu watano wenye sahani za dhahabu puani. Katikati yao aliona mtu mmoja tu asiye na kizuizi mbele ya macho, anayeuona mkate, anayemwona Bwana, anayenyoosha mkono. Naye alikuwa Yuda.

Aliona haya kwanza, kwa niaba ya baba yake. Kisha akamkasirikia mpishi. Kisha ikamjia furaha, na hiyo ndiyo iliyomtisha, kwa sababu alijua inamtoka wapi. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, magoti yake yalikwisha kuanza kugoma kupanda jukwaa, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na ukuta ulio wake. Kuta zote zilikuwa za Puccio. Ukuta wa watawa ungekuwa wa mwisho, na kwa mara ya kwanza aliona namna ambavyo ungeweza kuwa wa kwanza.

Jioni ile Baldo alikuwa mezani akila supu ya kabichi. Ventura akachukua sahani ya mkate, akasimama nyuma yake, akaishika kisogoni mwa kaka yake. Kichwa cha Baldo kikapotea chote. Akaipeleka mbele, Baldo akaacha kuiona supu. Akailaza juu ya utosi, akaiinamisha kidogo, kisha akarudi nyuma kadiri mkono ulivyofika. Duara likawa jembamba, kama yai. Chini yake aliona kisogo, sikio na nusu ya shavu linalotafuna.

"Unatafuta nini kichwani mwangu," Baldo akauliza, "chawa?"

Ventura akaketi, akamweleza. Alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa ameyapanga maneno tangu mchana. Alisema taji likikaa mahali pake pa haki, nyuma ya kichwa, basi kwa mtu aliyetupa mgongo linatuficha kichwa chote. Likikaa mbele, linamficha yeye dunia. Lakini likilala juu, yeye anaona na sisi tunamwona.

"Baba aliliweka mbele," Baldo akasema.

"Baba alikosea, kaka."

Baldo akaweka kijiko chini taratibu. "Miaka arobaini na mmoja hujalisema neno hilo. Leo umefundishwa na mpishi wa watawa."

"Mpishi ameona. Mimi na wewe hatukuona."

"Haya. Tuseme tumeyalaza, yamekuwa uzi tu juu ya nywele. Migongo sita hapo, yote sawa. Watawa watamjuaje Yuda?"

"Kwa anavyokaa."

"Mtu mwovu hukaa vipi?"

Ventura hakujua. Baldo akarudia supu yake kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini lilikuwapo neno jingine mezani pale ambalo wote wawili walilizunguka kama watu wazungukavyo shimo barabarani. Taji la kulala halizungushwi na bikari. Halina ukingo wa kuinua wala miale ya kukandamiza. Ni mstari mmoja wa brashi. Baldo alilijua hilo mara tu sahani ilipolala utosini mwake, na Ventura alilijua kabla hajaiinua.

Asubuhi Baldo alikwenda kumshtaki mdogo wake kwa Mama Mkuu.

Mama Mkuu Umiliana alitoka katika nyumba ya wafanyabiashara wa sufu, na mkataba aliusoma kama ndugu zake walivyopima kitambaa, kwa kidole, inchi kwa inchi. Aliwasikiliza wote wawili. Akakiri kwamba kuhusu mahali taji linapokaa hana ujuzi, na kwamba sahani ya Sista Verdiana alikwisha kuisikia na haikumfurahisha. Kisha akaukunja mkataba.

"Hapa pana majina mawili," akasema. "Mkikubaliana kuubadili, nitaweka langu la tatu. Msipokubaliana, mtachora kama baba yenu alivyochora, na fundi Baldo atayaweka mataji yake. Na Alhamisi Kuu mimi siwezi kuisogeza."

Kwa hiyo ufunguo ukawa mkononi mwa Baldo. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watawa wakarudi kwenye sala zao, wakawaacha wazee wale wawili na ukuta wao.

Zikaja siku za ajabu. Ventura alikataa kupaka lipu ya mtume yeyote, maana lipu ikishapakwa Baldo angepanda na bikari. Baldo naye alikataa kubaki nyumbani. Kila asubuhi alikuja, akaketi chini ya jukwaa juu ya ndoo ya chokaa iliyopinduliwa, akingoja kazi yake. Walisalimiana kwa adabu. Walirudi nyumbani pamoja na kula pamoja. Hawakusemeshana isipokuwa kuhusu chumvi na kuni.

Siku ya tatu Ventura aligundua kwamba katika ukuta mzima alibaki mtu mmoja ambaye anaweza kumchora bila ruhusa ya kaka yake, kwa kuwa hakuwa na taji. Akapaka lipu ya Yuda.

Alianza na swali aliloshindwa kulijibu mezani. Mtu mwovu hukaa vipi? Katika daftari la vielelezo la Puccio, Yuda alikuwa na pua ndefu na ndevu nyekundu, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomjua. Ventura akalifunga daftari. Akafikiri juu ya mtu anayekula na watu awapendao huku amekwisha kuamua jambo wasilolijua. Hakuhitaji kwenda mbali. Yeye mwenyewe aliketi hivyo jioni ile ya supu, kiwiko mezani, mwili wote umeinamia kwa mwenzake, sauti laini, na miguu chini ya benchi imekwisha kugeukia mlangoni. Alijua hata mahali kiatu kilipokanyaga.

Akamchora hivyo. Alimpa nywele za kawaida na mgongo wa mtu aliyechoka. Akageuza kichwa chake kidogo hadi shavu likaonekana, nalo halikuwa shavu la mwovu. Lilikuwa la mtu asiyelala vizuri. Mkono ulioelekea mkate akauwekea kivuli juu ya kitambaa cha meza. Kilikuwa kivuli cha kwanza Ventura kukichora maishani mwake, na alipokimaliza alisimama akikitazama kwa muda usio wa busara, rangi ikimkaukia kwenye brashi.

Jioni ile watawa walikula kimya kupita kimya cha Kwaresima. Mtawa mmoja kijana aliacha mkate wake haujaumwa. Mitume sita wa upande wa mbali waliukodolea macho ukumbi kutoka ndani ya dhahabu yao, wazuri kama siku zote, na hakuna aliyewatazama. Sista Verdiana alipita na sufuria, akasimama, akamwangalia Yuda mgongoni, kisha akaendelea kugawa bila neno. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo zito.

Mama Mkuu alikuja asubuhi, Baldo akiwa ndooni na Ventura jukwaani.

"Jana usiku sista mmoja ameniomba ruhusa amwombee Yuda," akasema. "Fundi, unaelewa umenifanyia nini nyumbani mwangu?"

Ventura akasema anaelewa, na kwamba hakukusudia.

"Hukukusudia, lakini ndiye mtu pekee aliye hai ukutani hapo. Siwezi kuwaacha dada zangu wale mkate miaka mia mbili wakimtazama yeye. Ama watakatifu waliobaki wawe hai kama yeye, ama yeye akwanguliwe na achorwe kama yule wa mafrateri. Kesho ni Jumamosi. Jioni nataka kujua." Akamgeukia Baldo. "Neno langu la kwanza halijabadilika. Jina lako bado liko pale."

Baldo akainama kwa heshima.

Jumamosi Baldo alichelewa, kwa sababu alipitia misa ya asubuhi. Ventura alikuwa amemngoja kidogo, kisha akaacha kungoja. Alipaka lipu ya Bartolomayo, aliyeketi jirani na Yuda, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi hii hakuacha nafasi ya duara. Alianza na kichwa.

Hakuwa amepanga kichwa kiwe cha nani. Alihitaji kisogo cha mzee, na mkono ukaenda wenyewe. Ni kisogo gani alichokijua? Asubuhi elfu kwa elfu alisimama nyuma ya mtu mmoja akingoja amalize taji, bila la kufanya isipokuwa kumtazama nyuma ya kichwa. Alijua nywele zinavyopungua utosini na kuchuruzika shingoni. Alijua sikio la kushoto, ambalo ncha yake iling'atwa na punda wa msaga ngano walipokuwa watoto. Alijua shavu linavyobonyea pale yalipokuwa magego. Akavichora vyote, akamwinamisha mzee kidogo upande wa Yuda, kama mtu anayemkaribisha jirani mkate kwa sababu hajaambiwa lolote.

Alisikia ngazi ikilia. Baldo alipanda pole pole, bikari ikining'inia shingoni kwa kamba yake, akasimama ubavuni mwake. Akakitazama kichwa.

"Hilo sikio ni langu."

"Ndiyo, kaka."

"Ni kubwa hivyo?"

"Ni kubwa zaidi. Nimekuonea huruma."

Baldo hakucheka. Alivua bikari shingoni, akaifungua kwa kipimo alichokuwa akikifungua siku zote bila kutazama. Lipu ilikuwa bado mbichi. Ncha ya chuma ingeingia nyuma ya sikio, na mguu wa pili ungepita juu ya paji la uso, ukate pua, ushuke kidevuni. Ukingo ungesimama juu ya mstari huo, miale ingejaa ndani, na baada ya siku kumi dhahabu ingefunika duara lote. Ilikuwa haki yake. Mkataba ulisema hivyo, na Mama Mkuu alisema hivyo mara mbili.

Ventura alirudisha mikono yake nyuma, akaifungia hapo. Alitaka sana kuushika mkono wa kaka yake, na alijua kwamba akiushika, ukuta huu hautakuwa wa mtu yeyote. Ukapita muda wa kusali Salamu Maria tatu hivi. Ncha ya bikari ilikuwa karibu na lipu kiasi kwamba kivuli chake kiliigusa.

"Nikiliweka," Baldo akasema, "sitauona mkate."

Akaifunga bikari.

"Haya, lilale wapi?"

Ventura alionyesha kwa kidole hewani, bila kugusa. Akamtilia rangi ya manjano kwenye brashi nyembamba, akampa. Baldo aliishika kama mtu ashikavyo kijiko cha mgonjwa. Alikuwa hajawahi kuvuta mstari usio na ncha ya chuma katikati yake, na mstari huu haukuwa na katikati. Alianza kushoto. Mkono ulipita juu ya utosi, ukateleza kidogo upande wa kulia ambako mstari ulinenepa kuliko ulivyopasa, kisha ukarudi ulipotoka, ukakutana na mwanzo wake. Juu ya kichwa cha mzee palikuwa na taji jembamba lililoinama, lenye kasoro. Chini yake uso ulikuwa wazi, unautazama mkate, na mkate ulikuwa mbele yake.

"Limepinda," Baldo akasema.

"Limepinda kidogo."

"Ulirekebishe."

"Sitaligusa."

Baldo akamrudishia brashi. Akauliza kuhusu dhahabu, na Ventura akamwambia ukweli, kwamba itakuwa nyuzi tu, upana wa jani la nyasi, baada ya ukuta kukauka. Baldo akaitikia kwa kichwa. Akasema Mama Mkuu aambiwe kwamba Baldo yuko tayari kutia jina. Kisha akashuka ngazi moja moja, akaketi juu ya ndoo yake, akaiweka bikari sakafuni kando ya mguu.

Ventura alirudi kwenye kazi. Alikuwa na ukuta wake. Alilijua hilo kwa mwili mzima, kama mtu ajuavyo kwamba homa imemwacha, na mkono wake ulikwenda mwepesi kwenye kola na bega la Bartolomayo. Alimwona Tadei na sahani yake puani, akaamua Jumatatu atamkwangua aanze upya. Alifikiri juu ya watatu waliobaki, mmoja amegeuka, mmoja ameinua kikombe, mmoja ameegemea. Alikwisha kuwaona.

"Ventura," Baldo akaita kutoka chini.

"Naam, kaka."

"Kengele ya saa tatu haijagongwa bado?"

"Bado."

"Kwa kawaida saa hizi ndiyo kwanza naanza miale."

"Najua."

Sauti ya Baldo ilipokuja tena haikuwa na ugomvi ndani yake, na Ventura angependa ingekuwa nao.

"Sasa mpaka jioni mimi nifanye nini?"

Ventura alikuwa na majibu ya mambo mengi asubuhi ile. Alijua mwanga unatoka dirisha gani, na kitambaa cha meza kinaangukaje pembeni. Swali hili alilijua tangu jioni ya sahani, alilala nalo na kuamka nalo, na akajifanya halipo kwa sababu aliutaka ukuta. Akageuka kumtazama kaka yake. Baldo alikuwa amekaa kwenye ndoo, amechoka, mdomo wazi kidogo, jua la dirishani limempiga upande mmoja wa uso na upande wa pili umeachwa gizani. Ukutani shavu la Bartolomayo lilikuwa halijamalizika, na lipu ilikuwa inaanza kunyauka kingo zake.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Geuza kichwa kidogo, huku, kwenye mwanga. Usiondoke."

Baldo akageuza kichwa, mikono yake mitupu juu ya magoti, akatulia.